Mizani Iliyoonewa Haya

Asubuhi moja shangazi yangu alipigwa picha ya moyo mara mbili, na mara zote mbili moyo haukuonekana. Picha ya kwanza ilikuwa chengachenga tupu, mfano wa televisheni iliyopoteza mawimbi. Ya pili ilikuwa imeng'aa zaidi, lakini mishipa imevurugika kama mtu aliyepigwa picha huku anakimbia. Mionzi ya picha ya kwanza iliingia mwilini mwake bure. Ya pili, ambayo ilikuwa mingi zaidi, nayo ikaingia bure. Halafu kliniki iliyofanya kazi hiyo ikampa pole na kumwambia arudi wiki inayofuata, wajaribu tena.

Kisa chote kilianza kwa sababu hakuna aliyempima uzito. Mizani ilikuwepo. Ilisimama karibu na mlango wa mapokezi, mpya, hata nailoni yake haijabanduliwa. Shangazi aliipita, pindo la buibui lake likaigusa, na watu wote waliokuwepo wakatazama pengine.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana jambo hili likisimuliwa ovyo linageuka kichekesho, na waliolifanya wangependa sana liwe kichekesho.

Shangazi anakaa Malindi, hapa Unguja mjini, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe yenye ngazi za mbao zinazopanda wima utadhani zinaingia kisimani kinyumenyume. Kazi yake ni upishi wa arusi. Akiitwa kupika biriani, hufika na vipimo vyake mwenyewe, kopo la mchele na kopo la maji, na hamruhusu mtu kukisia hata chumvi. Ni mnene. Nasema mnene kwa makusudi, kwa sababu katika ukoo wetu neno hilo halitamkwi. Husemwa kwamba mwili umemkubali, kwamba kajaaliwa, mashallah, kwamba anaonekana ana raha. Kumtajia mtu mzima uzito wake ni utovu wa adabu, na kuutaja mbele za watu ni kumwalika hasidi. Kilo, katika mji wetu, ni za mchele na nyama.

Baada ya Ramadhani nilianza kumwona akikaa kwenye kituo cha ngazi kabla ya kumaliza kupanda, akijifanya anatoa kitu kiatuni. Nilimwangalia siku kadhaa. Hakukuwa na kitu kiatuni. Nilipomuuliza alisema kifua kinambana kidogo, kisha akaniuliza kama nshakula, ambayo ni njia yake ya kufunga mjadala. Nikampeleka hospitali. Daktari wa huko alijaribu altrasaundi, akakizungusha kile kidude kifuani kwake kwa muda mrefu, na hakuona vizuri kwa sababu ya mafuta. Angalau yeye alilisema hilo. Akanivuta pembeni akaniambia kwamba anahofia mshipa mmoja wa moyo umeziba au unakaribia kuziba, na kama ndivyo na hatujui, basi siku moja shangazi atainama kwenye sufuria na asiinuke. Inatakiwa picha ya siti skani ya mishipa ya moyo, alisema, ili tujue moja.

Basi tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa kitu kimoja tu: mshipa umeziba, au haujaziba?

Kliniki tuliyokwenda iko Ng'ambo, upande wa Amani, katika jumba lenye vioo vya buluu. Mwenyewe ni daktari, mtu wa suti, ambaye siku ya ufunguzi alihutubia muda mrefu kuhusu usasa mpaka kinamama waliokuja kwa ajili ya pilau wakaanza kuinuka. Pale mapokezi ameweka makochi ya ngozi na meza ya shaba yenye dele la kahawa na sahani ya halua. Mgonjwa akiingia, kabla hajaulizwa anaumwa nini, anatiliwa kahawa. Watu wanaipenda kliniki hiyo kwa sababu hiyo. Nimewasikia kwa masikio yangu: wale wanajua kupokea watu.

Wanajua. Juu ya meza hiyo ya kahawa, ukutani, kulikuwa na bango la maelekezo kwa wanaokuja kupimwa moyo, na katikati ya bango picha ya kikombe cha kahawa imepigwa mstari mwekundu. Kahawa huuendesha moyo mbio, na moyo unaokwenda mbio haukubali kupigwa picha. Mfanyakazi aliyelibandika bango na mfanyakazi aliyejaza dele yumkini ni mtu mmoja.

Mimi nilikuwa nje, natafuta pa kuweka gari. Nilipoingia, shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi la watu wawili, limemtosha yeye peke yake, na mkononi ana kikombe cha tatu. Binamu yangu, binti yake, alikuja kunilaki akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la busara. Akanisimulia kwa mnong'ono. Nesi alikuwa amemwamkia shangazi vizuri, Shikamoo, Marahaba, habari za nyumbani, kisha akamvuta binamu kando na kumuuliza uzito wa mama. Binamu akajibu themanini. Nesi akageuka, akamtazama shangazi pale kochini, akageukia kompyuta na kuandika themanini.

Nilimuuliza binamu kwa nini hakusema apimwe.

"Mbele za wanaume wale, dada? Mama afedheheke?"

Wanaume wale walikuwa wazee wawili waliosinzia na dereva wa teksi.

Nikaenda kwa nesi nikamwambia themanini si kweli. Akatabasamu. Akasema tayari mama kaingizwa ndani, na kwamba haidhuru, mashine yenyewe ina akili. Nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba mtu akikwambia mashine ina akili, anakuarifu kuhusu akili yake mwenyewe.

Mashine ile huambiwa uzito, nayo huchagua nguvu ya mionzi kwa kadiri ya ilichoambiwa. Iliambiwa kuna mwanamke wa kilo themanini, ikapiga kwa nguvu ya kilo themanini, na mionzi ikaishia njiani. Si hilo tu. Mgonjwa wa picha hii hutakiwa kunyanyua mikono juu ya kichwa ili isikae ubavuni ikazidisha unene wa kitu kinachopigwa. Shangazi alipojaribu kuinyanyua alisema bega linamuuma, na mpiga picha, kwa huruma, akamwachia aishushe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo nikiitazama huruma hiyo. Mto mmoja chini ya kiwiko ungetosha. Ulikuwepo, juu ya kiti.

Picha ikatoka chengachenga. Mpiga picha akamwita mwenye kliniki. Akaja na suti yake, akaitazama skrini, akauliza uzito, akaambiwa themanini, akamtazama shangazi kupitia kioo, na akafanya jambo ambalo bado nalishangaa: hakusema apimwe. Alisema waweke nguvu ya mwisho kabisa, na wapige kuanzia shingoni hadi kitovuni, wasije wakakosa kitu. Moyo ni mkubwa kama ngumi. Shingoni hakuna moyo, wala kitovuni.

Nikamuuliza mionzi hiyo ni kiasi gani.

"Mtu mkubwa, mionzi mikubwa," alisema. "Hesabu nyepesi hiyo. Na mafuta yanamkinga, usijali."

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mafuta hayamkingi mtu na chochote. Huitawanya mionzi na kuizuia isifike inakotakiwa, mpigaji akazidisha, na ziada hiyo hubebwa na ngozi, maziwa na mapafu ya mwenye mwili. Lakini hata siku ile, bila kufahamu hayo, niliijua sauti. Ni sauti ya fundi anayekwambia ukuta hautaanguka kwa sababu kaupaka rangi.

Ya pili ikavurugika, kwa sababu ya vikombe vitatu vya kahawa. Shangazi akatolewa, akavaa buibui lake kwa utaratibu, akasikiliza maelezo kwamba moyo wake umekuwa na haraka kidogo, na akasema:

"Nimeokwa mara mbili kama mkate wa mofa, na bado mbichi. Mimi mpishi akinifanyia hivi nnamfukuza."

Wakacheka wote. Mwenye kliniki alicheka kuliko wote, akamwagiza nesi amtilie mama kahawa.

Jioni ile nyumba ya Malindi ilijaa. Nilitegemea watu wawe na hasira. Walikuwa na fahari. Jirani mmoja alisema yeye katika maisha yake kapigwa picha moja tu, tena ya mguu. Mwengine alisema tangu alipopigwa picha ya kifua mwaka juzi anajisikia mwepesi, kama vile picha ni dawa. Amu yangu, mdogo wake shangazi, mtu aliyestaafu bandarini na ambaye hajawahi kukosa la kusema, alishauri turudi upesi kwa ya tatu, kwa kuwa mashine kali ndiyo inayoutoa ugonjwa ulipojificha. Alipouliza kama kuna anayempinga, hakuna aliyempinga, kwa sababu kumpinga amu ni kukosa adabu, na tayari tulikuwa na adabu ya kutosha kwa siku moja.

Nikatoka kibarazani nikampigia simu daktari wa picha za moyo wa Dar es Salaam, mwanamke ambaye nilikuwa nimewahi kumhoji kwa kazi yangu. Nikamsimulia. Aliniuliza uzito. Nikasema sijui. Urefu? Sijui. Mapigo ya moyo kabla ya kupigwa? Sijui.

Akauliza: "Sasa wao walikuwa wanapiga nini?"

Nilimuuliza kama ni kweli kwamba mtu mkubwa lazima apewe mionzi mikubwa. Alisema mtu mnene huhitaji zaidi, huo ni ukweli, na asiyeukubali atapata chengachenga. Lakini zaidi kwa kiasi gani, hapo ndipo kazi ilipo, na anayejua kuzidisha tu hajaijua kazi. Akasema nimlete, tumbo tupu, bila kahawa, bila chai, bila soda ya rangi ya kahawa.

Amu alikasirika. Alisema tunaitukana kliniki ya vijana wetu wenyewe kwa kukimbilia Bara. Shangazi alimwambia akapigwe yeye ya tatu, kwa niaba ya ukoo. Tukapanda boti ya asubuhi.

Chumba cha daktari yule kilikuwa kidogo na kichafu kidogo, feni inalia, na hakuna kochi. Kitu cha kwanza ukiingia ni mizani, imewekwa katikati, hupiti mpaka upande juu yake au uiruke. Daktari alimwamkia shangazi Shikamoo, akaitikiwa, kisha akamwambia, kwa sauti ile ile ya maamkizi, Bi Mkubwa, vua viatu upande hapa. Binamu akaruka kama aliyemwagiwa maji moto. Akasema mama ni kilo themanini, imeshaandikwa, haina haja.

Shangazi alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Alimtazama binti yake.

"Themanini? Hizo za mguu upi?"

Binamu akasema alikuwa anamstahi tu. Shangazi akapanda mizani. Daktari alisoma, akaandika, hakutamka. Nadhani hata yeye, baada ya kusikia tulikotoka, aliona haya kidogo.

"Sema," shangazi alimwambia.

"Mia na ishirini na sita, Bi Mkubwa."

Hakuna hasidi aliyeingia. Feni iliendelea kulia. Shangazi alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya pale mwenye arusi anapomwambia idadi ya kweli ya waalikwa baada ya kumdanganya mara ya kwanza.

"Mimi mchele siuonei haya," alimwambia binti yake. "Mtu akinambia kilo themanini na gunia lina mia na zaidi, wali hauivi, na anayetukanwa ni mimi. Nyie mmenipika kwa maji ya kukisia."

Binamu alilia. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka ile furaha yake pale mapokezi na huruma ikaniisha.

Daktari alichukua futikamba, aina ile ile ya fundi cherahani, akamzungushia kifuani. Akampima urefu. Akamhesabia mapigo, akampa kidonge cha kuutuliza moyo, akamkalisha kwenye kiti cha mbao na kumfundisha kuvuta pumzi na kuizuia, tena na tena, bila mashine, mpaka shangazi akasema sasa anaweza kupiga mbizi. Akarudia kumpima mapigo. Bado, alisema, tungoje. Tukangoja. Hakuna aliyetupa kitu. Kwa mujibu wa mapokezi ya kwetu, ulikuwa ufedhuli mtupu.

Moyo ulipotulia ndipo akamlaza. Mikono juu, mito miwili chini ya viwiko, na shangazi aliposema bega linamuuma, daktari akaongeza mto wa tatu na hakuishusha mikono. Akamsogeza kitandani hadi moyo, sio tumbo, ukawa katikati ya tundu la mashine. Akaweka mpaka wa picha juu kidogo ya moyo na chini kidogo ya moyo, basi. Akanieleza, maana niliuliza, kwamba mashine itapiga tu pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo, na muda mwingine wote itakuwa imefungwa, haitoi mionzi. Nguvu aliiweka juu ya ile ya kawaida, kwa kipimo cha kifua alichokipima, na chini sana ya ile ya mwisho kabisa. Nikamuuliza kama mashine yake ni bora kuliko ile ya Unguja. Akacheka. Ya Unguja ni mpya zaidi, alisema.

Shangazi alidungwa sindano ya dawa inayoing'arisha damu kwenye picha. Kupitia kipaza sauti tulimsikia akiuliza kama kajikojolea, na daktari akamjibu kwamba ni joto la dawa, kila mtu huuliza hivyo. Pumzi, zuia, achia. Ilikwisha kabla binamu hajamaliza aya aliyokuwa akiisoma.

Sikuwahi kuona moyo kabla ya siku ile. Ulikuwa pale kwenye skrini, mishipa imesimama wazi kama mizizi ya muhogo iliyooshwa. Daktari aliufuata mshipa wa kwanza kwa kidole mpaka mwisho, akasema huu mzima. Wa pili, mzima. Mshipa wa tatu, unaoshuka mbele ya moyo, ulikuwa mzima hadi karibu na katikati, na hapo kulikuwa na kipande cheupe, kama jiwe dogo. Chokaa, alisema. Chokaa ile hung'aa mno kwenye picha hata haiachi nyuma yake kuonekana. Huenda nyuma yake njia ni pana, huenda imebaki nyembamba kama uzi. Picha nyengine ya aina hii, hata akiipiga malaika, haitaonyesha.

Vipo vipimo vyengine. Kimoja kinatumia dawa ya mionzi inayodungwa mwilini, na daktari alisema kwa kawaida angekichagua, lakini kwanza anataka kujua shangazi alipokea kiasi gani Unguja, ili apime faida na hasara. Mashine zote hutaja kiasi hicho mwisho wa kazi. Chengine hakina mionzi kabisa: altrasaundi, moyo ukiwa umekimbizwa kwa dawa, pamoja na sindano ya mapovu madogo yanayoufanya uonekane hata penye mafuta. Dawa hiyo ya mapovu ilikuwa imekwisha, imeagizwa.

Tuliporudi nilikwenda kliniki ya vioo vya buluu kuuliza kile kiasi. Mwenyewe alinipokea vizuri mno. Alisema mashine ilitaja, bila shaka ilitaja, ila hakuna aliyeona haja ya kukihifadhi, kwa kuwa picha zenyewe hazikufaa. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza jambo la akili. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama bibi ameshapungua kidogo. Hakuwa na njia ya kujua, nilimjibu, kwa kuwa hakujua alikoanzia.

Amu husimulia vibarazani kwamba shangazi alikwenda Bara akaonekana mzima, mishipa miwili kati ya mitatu, na kwamba miwili kati ya mitatu ni ushindi. Watu humpongeza. Binamu anakubaliana naye.

Shangazi hapongezwi. Daktari alimpa vidonge na kumkataza kunyanyua masufuria, na kwa hilo ametii: hunyanyua wengine, yeye hukaa kitini kando ya meko na vipimo vyake, akitukana. Ngazi za Malindi bado anazipanda, maana hakuna njia nyengine ya kufika nyumbani, na bado hukaa kwenye kituo. Sasa hajifanyi kutoa kitu kiatuni. Hukaa waziwazi, mkono kifuani, mpaka kubanwa kupite.

Wiki iliyopita nilipiga simu Dar es Salaam; bila kujua kile kiasi, daktari bado hataki kumwongezea mionzi. Dawa ya mapovu haijafika. Nyuma ya kile kipande cheupe, hakuna anayejua kama damu inapita.